Blanketi Lililofuliwa Makambako

Ahsante, Mungu uliyeinua milima hii ukaitandikia ukungu, ukampa mzee kama mimi pumzi ya kupanda vilima vyake hadi leo. Umenilisha viazi vya nchi hii tangu sina meno hadi meno yameanza kuniaga. Kabla sijalalamika, na leo nitalalamika, nakushukuru.

Wageni wanaokuja kwetu huniuliza swali moja, kwa sababu wanajua nilikuwa mwinjilisti na nimehamishwa sana. Wanasema, mzee, miji hii midogo ya milimani inafanana, tukiona mmoja si tumeona yote? Nimeishi Matamba, nimeishi Iwawa, nimetumika Makambako miaka mingi, na sasa nimestaafu hapa Njombe mjini. Ni kweli inafanana. Asubuhi watu wanatoka wamejifunika hadi masikio. Kuna mbao zimepangwa kando ya barabara, kuna magunia ya viazi, kuna mama anauza parachichi na chai ya tangawizi, kuna kanisa juu ya kilima na jingine juu ya kilima cha pili. Makambako ina upepo na njia panda na gari moshi. Njombe ina mto unaoanguka karibu kabisa na mjini. Iwawa ina baridi inayokufanya usahau ulichotaka kusema.

Lakini inafanana katika jambo moja zaidi ambalo wageni hawaambiwi. Katika miji yote hii, ukilala kwa mtu, nguo zako zitafuliwa. Hutaulizwa. Utaamka uzikute kambani. Mgeni aliyefika na vumbi la safari akaondoka nalo, hiyo ni aibu ya nyumba.

Nilijifunza hilo Iwawa nikiwa bado kijana katika kazi. Nilikuwa na koti moja. Jumamosi nikalitundika ukutani, Jumapili nikalikuta nje limeganda kama ubao, kwa maana kulikuwa na sakitu. Nilihubiri nimevaa sweta la mke wa mwenyeji wangu, lenye vifungo vya maua. Waumini walinisikiliza kwa adabu, ila wanakwaya walishindwa kuimba ubeti wa pili.

Kwa hiyo nilijua. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwamba nilijua.

Rafiki yangu ninayetaka kumsimulia ni mtu wa Sumbawanga. Tulisoma pamoja chuo cha Biblia. Akiwa huko akamwona binti wa kijiji cha Yakobi, hapa pembezoni mwa Njombe, akamwoa, akamchukua kwao. Yule binti aliogopa kwenda mbali. Rafiki yangu akambembeleza akimwambia Sumbawanga ni kama Njombe tu, mji mdogo, uko juu, kuna baridi, kuna upepo, kuna maharage, hutajisikia ugenini. Mama yake binti hakuamini maneno ya wachumba. Akampa blanketi zito la kijivu, lenye mistari miwili myekundu, akasema, "Kama baridi ya huko ni kama ya kwetu, utalihitaji. Kama siyo, utalikumbatia."

Alilitumia maisha yote ya ndoa yao. Mwaka jana alifariki. Kabla hajafa alimwambia mume wake kwamba blanketi lirudi Yakobi, kwa kaka yake. Huyo kaka ndiye aliyebaki peke yake katika watoto wa nyumba ile. Ni mzee kuliko sisi, hasikii vizuri, simu hashiki, na miguu ilimzuia kwenda kumzika dada yake.

Rafiki yangu alinipigia simu akaniambia atakuja. Atafika Makambako Jumatano jioni. Jumamosi alfajiri lazima apande basi la kurudi, kwa sababu Jumatatu ana siku yake ya kliniki ya presha na dawa zimemwishia. Alitaka siku mbili. "Siku moja nikae na shemeji tumzungumze dada yake taratibu," alisema, "maana ukizungumza naye unarudia kila neno mara tatu. Siku ya pili unionyeshe alikochotea maji, na shule aliyosoma, na mto wenu huo aliokuwa akinisifia. Nimeambiwa miaka yote kwamba Sumbawanga inafanana na Njombe. Nataka kuona ni nani kati yetu alidanganya."

Mimi nikaona ni vizuri alale Makambako usiku ule wa kwanza, apumzike mgongo. Nikampigia mzee wa kanisa mmoja wa huko, rafiki yangu wa zamani. Nikamwambia maneno haya: "Ni mtu wa heshima na ni mfiwa. Mtunzeni vizuri."

Nayajutia maneno hayo.

Alhamisi asubuhi nilipanda gari mapema nikafika Makambako kabla ya saa tatu. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye paa za nyumba na manyunyu yalikuwa yanaanguka, yale ya mwezi wa sita yasiyolowesha udongo lakini yanalowesha roho. Nikabisha hodi. Mama mwenye nyumba akanifungulia, mikono yake imekuwa myeupe kwa maji.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama. Mgeni wetu ameamkaje?"

"Ameamka salama, anakunywa uji. Baba, huyo mgeni amepata shida, jamani! Kumbe hana mtu wa kumfulia? Amekuja na blanketi linanuka moshi, lina madoa, yaani nimelia. Nimelifua usiku uleule. Maji mara nne, baba! Mara nne ndipo yalipotoka meupe."

Nikatazama uani. Lilikuwa kambani, limevuta kamba hadi limekaribia chini, linadondosha matone.

Rafiki yangu alikuwa ameketi ndani na koti lake la safari, bakuli la uji mkononi. Mama akamwambia, "Baba, utalikuta jipya." Akajibu, "Ahsante, mama. Mungu akulipe." Alipomaliza uji akaniomba tutoke kidogo kunyoosha miguu, tukasimama nyuma ya banda la kuni.

"Ni miezi saba sasa sijalifua," akasema. "Binti zangu walitaka kulifua, nikawakatalia. Nilikuwa nalala nalo."

Mimi niliyewafariji wafiwa miaka yote hiyo, nilitazama kuni.

"Usimwambie," akasema. "Amefanya kwa upendo."

"Basi twende," nikamwambia. "Tulichukue hivyohivyo. Saa moja tu tuko Njombe."

Akakataa. Alisema hawezi kumpelekea shemeji yake urithi wa dada yake ukiwa unachuruzika maji kama tambara la kupigia deki. Tungoje likauke, jua likitoka ni saa mbili tu. Na mama naye aliposikia tunazungumza habari ya kuondoka akaja na kifuniko cha sufuria mkononi. "Kitu kibichi hakitoki nyumbani kwangu! Watu watasema nini? Tena bado hajala."

Nikasema haya, tungoje. Nimefundisha subira maisha yangu yote.

Jua halikutoka.

Nitaeleza ile siku kwa kifupi, maana nikieleza kwa urefu nitatenda dhambi. Saa nne tulikunywa chai na viazi. Saa sita habari zilikuwa zimefika kwa jirani kwamba kuna mwinjilisti mstaafu kutoka Sumbawanga, tukaitwa huko tukala ugali na kuku. Hatukumaliza, akaja mzee mwingine akasema haiwezekani mgeni apite kwake bila kuonja, tukala tena, ugali na maharage, na rafiki yangu anakatazwa chumvi na hakuna aliyeuliza. Baadaye wakampeleka kutembea. Mtu ametoka Sumbawanga kuja kuona mahali mke wake alipochota maji, wakampeleka kuona jengo jipya la ghorofa. Wakamwonyesha stendi. Wakamwonyesha duka lenye vioo. Mmoja akamwambia kwa fahari, "Huku kwetu sasa ni kama Dar es Salaam."

Rafiki yangu akasema, "Nimeona," kwa upole.

Huu ni ugonjwa wetu, na sisemi Makambako tu. Mgeni anakuja kwa sababu ya milima, sisi tunamsimamisha mbele ya benki. Anauliza habari za mianzi na chemchemi, tunaona aibu, tunamtafutia lami. Mimi mwenyewe nimewahi kumzungusha mgeni Njombe mjini nikimwonyesha taa za barabarani mchana, na mto ukinguruma mgongoni mwetu.

Jioni nilipapasa blanketi. Lilikuwa limelowa kama asubuhi, isipokuwa sasa lilikuwa na baridi zaidi.

Nililala hapohapo kwa mzee wa kanisa. Ijumaa ukungu ulikuwa mzito kuliko jana. Sasa nyumba nzima ilishughulika na lile blanketi. Mzee na jirani yake walilikamata huku na huku wakalisokota kama watu wanaonyonga nyoka, maji yakatoka ndoo nusu. Mama akaleta pasi ya mkaa. Likafuka mvuke chumba kizima, ukingo mmoja ukaanza kunuka kuungua, akaiacha. Jirani, mtu wa maneno mengi, akamgeukia rafiki yangu.

"Mzee, ninyi watu wa Sumbawanga si ndio mnaotuma radi? Ukishindwa radi tuma hata jua kidogo, tukukaushie."

"Radi ninayo," rafiki yangu akajibu. "Lakini nikiituma hapa haitakuta blanketi, itakukuta wewe."

Tulicheka wote, hata mimi niliyepaswa kukemea mzaha ule wa uchawi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu afike. Kisha akatazama saa yake, akatazama kambani, nikaona macho yake yamebadilika. Ilikuwa saa tano. Siku zake mbili zilikuwa zimekwisha moja na nusu, na hakuwa ameketi na shemeji yake hata dakika moja.

Mama akatoka jikoni. "Leo mnakula kwa mwenyekiti wa akina mama. Ameshachinja."

Hapo ndipo nilipokosa. Au ndipo nilipofanya sawa, bado sijui. Nilisimama nikasema kwa sauti ambayo sikuitumia hata madhabahuni, "Mama, naomba blanketi."

"Bado bichi, baba."

"Naomba hivyohivyo lilivyo."

"Lakini mwenyekiti ameshachinja."

"Hata kama amechinja ng'ombe. Mama, huyu mtu kesho alfajiri anaondoka! Hakuja kula, amekuja kumwona ndugu wa marehemu, na sisi tumemfunga hapa kwa ugali siku mbili!"

Mume wake akatazama viatu vyake. Mama alikwenda kambani, akalishusha, akalikunja vizuri sana, pembe kwa pembe, akalitia kwenye mfuko wa salfeti, ule wa mbolea, na juu yake akafunga nailoni. Akaongeza mfuko wa maharage. Akamkabidhi rafiki yangu kwa mikono miwili, mimi hakunitazama. Nilitaka kumwambia kwa nini nilipaza sauti, lakini nilikuwa nimeombwa nisiseme. Tukaondoka hivyo, na stendi tukangoja gari lijae hadi saa tisa.

Garini rafiki yangu alilipakata, maji yakapenya hadi kwenye suruali yake. Njia nzima kutoka Makambako hadi Njombe huwa nawaonyesha wageni mashamba ya miti, mabonde, viazi vilivyochimbwa vikiwa vimewekwa kando ya barabara. Siku ile hatukuona hata mti wa pili kutoka barabarani. Kioo kilikuwa cheupe. Aliuliza mara moja tu, "Hapa kuna nini?" nikamjibu, "Kuna bonde zuri," akaitika kwa kichwa.

Mjini hatukusimama. Tulipita karibu na mto, akausikia, akageuza shingo. "Ndio wenyewe?" "Ndio." Tukachukua bajaji hadi Yakobi. Ilishindwa kilima kimoja kwa sababu ya utelezi, tukashuka, wazee wawili na dereva, tukaisukuma.

Tulifika jua linakaribia kuzama, kama lilikuwepo. Shemeji yake alikuwa jikoni, kwenye jiko la nje, ameketi karibu na moto. Binti yake anayemtunza alitupokea, akamwinamia babaye sikioni akapaza sauti, "Baba! Shemeji wa Sumbawanga!"

Mzee akainua uso. Akamtazama muda mrefu. "Umezeeka," akasema.

"Na wewe pia, shemeji."

"Nini?"

"Nasema na wewe pia!"

"Mimi nilikuwa mzee tangu zamani."

Rafiki yangu akapiga magoti mbele ya moto, magoti yake mabovu yale, akafungua nailoni, akatoa blanketi. Alikuwa ameandaa maneno, naamini aliyaandaa njia nzima kutoka Sumbawanga. Hakuyapata. Alilishika tu, likamdondokea mapajani. Mzee akanyoosha mkono akaligusa.

"Limelowa. Mmelipitisha mtoni?"

"Limefuliwa Makambako!" nikapaza sauti mimi.

"Makambako?" Akatikisa kichwa. "Hao hawawezi kuona kitu wakakiacha." Akalivuta hadi puani, akanusa. "Linanuka sabuni. Mama yetu hakuwa na sabuni hii."

Rafiki yangu aliinamisha kichwa. Binti wa mzee hakuuliza mengi. Alipanda juu ya kigoda akaondoa mahindi yaliyokuwa kwenye kichanja juu ya moto, akalitandaza blanketi pale, akaongeza kuni mbili za mlingoti, ule mkaratusi wetu, na moja mbichi, moshi ukajaa mpaka tukakohoa wote wanne. Lilianza kufuka. Likidondosha tone motoni, moto unalia, na mzee, ambaye hatusikii sisi tukipiga kelele, kila tone alilisikia, akawa anasema, "Bado." Tone jingine. "Bado."

Wakazungumza chini yake. Yale mazungumzo ya siku nzima yaliyokusudiwa yakabanwa yakaingia katika saa mbili au tatu za jioni. Rafiki yangu alimweleza jinsi dada yake alivyougua, nani aliomba naye, alizikwa upande gani wa kanisa. Mengine mzee aliyasikia, mengine hakuyasikia, na hapakuwa na nafasi ya kuyarudia. Aliuliza swali moja tu: "Alikuwa anasikia baridi huko?" Rafiki yangu akajibu, "Kidogo." Mzee akasema, "Nini?" Akarudia, "Kidogo!" Mzee akasema, "Basi hukudanganya sana."

Tulilala hapo. Alfajiri binti alilishusha. Lilikuwa limekauka, limekakamaa, jeusi kidogo upande mmoja. Rafiki yangu aliomba alishike kwanza. Akaweka uso wake ndani akalinusa, akakaa hivyo. Nikangoja. Alipoinua uso akaniambia kwa sauti ya chini, "Si yeye." Halafu akasema, "Lakini ni jiko la kwao."

Akamfunika nalo shemeji yake aliyekuwa bado kitandani. Mzee hakuamka kutuaga. Alilivuta hadi shingoni akasema akiwa amefumba macho, "Nenda salama, shemeji. Chemchemi ya dada hukuiona."

"Sikuiona."

"Iko palepale."

Nilimsindikiza hadi stendi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mji wote, na basi lilipoondoka taa zake zilipotea kabla halijafika barabara kuu. Alitoka Sumbawanga hadi Njombe, na alichokiona Njombe ni moto mmoja. Kilichobaki ni ghorofa la Makambako.

Nilikuwa na hasira njia nzima ya kurudi nyumbani, na kwa umri wangu hasira haikai tumboni, inashuka magotini. Nilimkasirikia mama yule. Kisha nikakumbuka sweta la vifungo vya maua, nikaona ni mimi ninayepaswa kukasirikiwa. Nilijua desturi, nilikuwa na simu mkononi, ningesema neno moja tu, "Blanketi lake msiliguse." Badala yake nikasema mtunzeni vizuri. Na Alhamisi ile niliketi kula ugali wa pili nikiita subira, kumbe nilikuwa naogopa kumkwaza mwenyeji. Nimewafundisha wengi kumngoja Mungu. Sikuwafundisha kwamba si kila kungoja ni kumngoja Mungu, kwa sababu mimi mwenyewe sikulijua, au sikulitaka.

Wiki ileile mama alinipigia. Nilidhani anataka kunisuta, nikajiandaa kuomba msamaha.

"Baba, nilikuwa nauliza tu. Lile blanketi lilikauka?"

"Lilikauka, mama. Nisamehe kwa siku ile, nilipaza sauti."

"Ah, yameisha. Nilijua ni uchovu." Nikasikia maji yakimwagwa kwenye beseni. "Mungu ni mwema basi. Mwambie akija tena asiwe na wasiwasi, nitamfulia na lile koti."

Nikasema, "Nitamwambia."

Rafiki yangu hajasema kama atakuja tena. Nimemwambia chemchemi iko palepale, na nimekwenda mwenyewe siku moja ya jua kuhakikisha. Iko. Maji yake ni kidogo, wameiwekea bomba la mwanzi. Nilipiga picha nikamtumia, akanijibu kwamba haionekani vizuri, kidole changu kimeziba.

Wewe unayesoma haya, Mungu akufikishe juu ya milima yetu siku yenye jua. Akupe mwenyeji mwenye moyo kama wa mama yule, akupe na ulimi wa kumwambia mapema kile usichotaka kifuliwe. Kitu alichokuachia mtu wako, Bwana akitunze pamoja nawe, kikiwa na moshi wake. Amina.